Maswali ya Wasomaji: Diski inayogonga, na picha zisizopaswa kuonwa

SWALI: Ndugu Mhariri, baada ya salamu. Mimi ni mpiga picha wa kike hapa Mombasa, na kazi yangu kubwa ni sherehe za kupamba, ambako, kama ujuavyo, wanaume hawaingii, simu za wageni huachwa mlangoni, na wanawake hukaa bila buibui wala mtandio. Wiki mbili zilizopita mwanangu alijikwaa kwenye waya wa diski yangu ya nje ya terabaiti 2 ilipokuwa ikifanya kazi, nayo ikaanguka kutoka mezani hadi sakafuni. Tangu siku hiyo nikiichomeka inagonga, ko, ko, ko, mara saba au nane, kisha inanyamaza. Mara mbili jina lake lilitokea kwenye kompyuta, na kompyuta ikaniuliza kama ninataka kuifomati, nilikataa. Ndani yake mna harusi 11, na tatu kati ya hizo sijawakabidhi wenyewe. Fundi wa mtaani kwetu anasema niiweke kwenye friza usiku kucha, na ikishindikana ataifungua. Je, picha hizo zitapatikana? Na zikipatikana, nitahakikishaje kwamba macho ya fundi hayatazifikia? (Mpiga picha, Mombasa)

JIBU: Dada yangu, kukataa kufomati kulikuwa uamuzi sahihi. Sasa ichomoe diski hiyo, uifunge kwenye kitambaa kikavu, na uiweke mahali ambapo hakuna mtu nyumbani atakayeshawishika kuijaribu mara moja tu.

Ndani ya kasha hilo mna sahani nyororo, ambazo katika diski nyingi ndogo ni za kioo kilichopakwa utando mwembamba wa sumaku, na kwa kawaida huzunguka mara 5,400 kwa dakika. Juu ya kila uso wa sahani huelea kichwa cha kusomea, kikibebwa na upepo wa mzunguko huohuo, kwa umbali wa nanomita chache tu. Unywele wa binadamu, kwa kulinganisha, una unene wa makumi ya maelfu ya nanomita. Diski ikianguka ikiwa imezimwa, vichwa huwa vimeegeshwa pembeni na mara nyingi husalimika. Yako ilianguka ikizunguka. Mlio unaousikia ni wa mkono wa vichwa, ambao unakwenda kutafuta alama za njia zilizoandikwa kiwandani juu ya sahani, unashindwa kuzisoma, unarudi hadi kwenye kikomo chake, kisha unaanza upya, mpaka diski yenyewe inaacha kujaribu. Ikiwa kichwa kimojawapo kimepinda, kila jaribio ni sawa na kupitisha msumari juu ya sinia jipya. Kinachokwaruzwa ni ule utando wenye picha, na utando ukishageuka unga hakuna maabara iwezayo kuurudisha.

Ushauri wa friza ulianza enzi za diski za zamani, ambazo vyuma vyake viliweza kukwama na pengine kuachia vikisinyaa kwa baridi. Leo sioni faida yake yoyote, na madhara yake unaweza kuyaona mwenyewe jikoni: toa chupa ya soda kwenye friji saa sita mchana hapo Mombasa, uitazame inavyotoka jasho kabla hujaipatia glasi. Jasho hilohilo litakaa juu ya sahani zako. Ama kufungua diski juu ya meza ya duka, vumbi la barabarani likipita, ni jambo la kukataa bila mjadala. Wanaobadilisha vichwa kwa kazi hufanya hivyo katika hewa iliyochujwa, na kipimo kilichozoeleka katika fani hiyo ni futi moja ya ujazo ya hewa isiyo na zaidi ya chembe 100 zenye ukubwa wa nusu maikromita au kuzidi. Chembe moja ya namna hiyo ni kubwa mara nyingi kuliko nafasi iliyopo kati ya kichwa na sahani.

Kabla hatujafika kwa fundi yeyote, nina swali ambalo nadhani lingepaswa kuulizwa siku ileile ya kwanza: picha hizo zilipita wapi kabla ya kufika kwenye diski? Harusi nane umekwisha kuzikabidhi, kwa hiyo nakala zake ziko kwa wenyewe, na kumwomba bibi harusi akuazime flashi yake kwa siku moja ni aibu ndogo kuliko unavyodhani. Zimebaki tatu, nazo bila shaka ndizo za karibuni zaidi. Kadi za kamera ulizozipigia ziko wapi? Zitoe kwenye kamera leo, wala usizipigie picha nyingine hata moja.

Kamera inapofomati kadi kwa njia ya kawaida, haifuti picha zenyewe; hufuta orodha inayosema picha gani imekaa wapi. Ni kama mwenye nyumba aliyefuta majina ya wapangaji kwenye daftari: wapangaji bado wamo vyumbani, mpaka wapya waletwe wawasukume nje. Baadhi ya kamera zina fomati ya kina, ambayo huenda mbali zaidi ya hapo, lakini kwa kawaida haifanyi kazi usipoichagua. Iko programu ya bure iitwayo PhotoRec, iliyotungwa na Christophe Grenier, ambayo haijali orodha. Hupita juu ya kadi yote ikitafuta namna kila aina ya faili inavyoanza. Picha ya JPEG, kwa mfano, huanza na baiti FF D8 FF. Majina ya faili na folda hupotea, hivyo usishangae kukuta maelfu ya picha zenye majina ya namba tupu, lakini tarehe na saa ya kupigwa huandikwa ndani ya picha yenyewe, na kwa hiyo utaweza kuzipanga tena harusi kwa harusi. Elekeza zinazopatikana kwenye diski nyingine, kamwe si kwenye kadi ileile. Kazi hii utaifanya mwenyewe, nyumbani kwako, mlango umefungwa, na swali lako la pili litakuwa limejijibu.

Tazama pia kompyuta unayohaririia. Programu nyingi za kuhariri hujiwekea nakala ndogo za picha ili zifunguke haraka, nazo hubaki hata diski yenye picha kamili isipokuwapo. Hazitatosha kuchapa albamu ya ukubwa wa meza, lakini huenda zikatosha kwa picha za simu, na zitakuonyesha kwa uhakika ni nini hasa kinachokosekana.

Ikiwa baada ya haya yote bado kuna harusi isiyopatikana, ndipo iende maabara ya kurejesha data, si duka la kutengeneza kompyuta. Huko vichwa vilivyoharibika hubadilishwa kwa kutumia diski nyingine ya modeli ileile. Mtu asikwambie kwamba atabadilisha bodi ya saketi tu na mambo yakaisha: katika diski za kisasa bodi hubeba chipu yenye vipimo vya sahani na vichwa vya diski hiyohiyo, na bodi ya jirani isipohamishiwa chipu hiyo haitamfaa mwenzake. Matumaini yapo. Chombo cha anga cha Marekani, Columbia, kiliposambaratika mwaka 2003, diski ya jaribio moja la kisayansi iliokotwa miongoni mwa mabaki ikiwa imeungua nje na plastiki zake zimeyeyuka, na bado wataalamu walitoa sehemu kubwa sana ya data yake, kiasi kwamba matokeo ya jaribio yalichapishwa mwaka 2008. Data zilikuwa kwenye eneo la sahani ambalo halikuguswa. Kwa hiyo mapigo ya nje hayaamui mambo; kinachoamua ni mkwaruzo, na mkwaruzo huongezeka kila umeme unapowashwa.

Sasa nirudi kwenye faragha, ambayo naona ndiyo inayokunyima usingizi. Fundi wa kurejesha data hana haja ya kutazama picha zako ili kuzirejesha. Mashine yake hunakili sekta baada ya sekta, yaani kipande kidogo cha diski baada ya kingine, na kwake sekta ya picha ya bibi harusi na sekta ya risiti ya umeme ni kitu kimoja. Anapolazimika kuangalia ni mwishoni tu, kuhakiki kama faili zinafunguka, na hapo ndipo mkataba unapohitajika. Kubalianeni kwa maandishi kwamba atakuonyesha orodha ya majina na ukubwa wa faili, na kwamba wewe mwenyewe utafungua zile za kuhakiki, ukiwa umekaa mbele ya skrini hiyo. Mwandike namba ya utambulisho ya diski, majina ya watakaoigusa, kwamba kompyuta ya kazi haitaunganishwa na intaneti, kwamba matokeo yatawekwa kwenye diski mpya utakayoileta mwenyewe ikiwa imefungwa kwa nywila, na kwamba nakala yake ya kazi itafutwa mbele yako siku ya kuchukua. Kumtafuta fundi wa kike ni haki yako na sitakuzuia, lakini fundi wa kike asiye na mkataba simwoni kuwa salama zaidi ya mwanamume aliyetia sahihi.

Usiogope kwamba masharti hayo yatamuudhi. Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inakutazama wewe kama mdhibiti wa data za wateja wako, na fundi kama mchakataji anayefanya kazi kwa niaba yako, na inataka pawepo mkataba wa maandishi kati yenu. Diski kufa peke yake si jambo la kuripoti. Lakini ikiibwa dukani, au picha zikaangukia mikononi mwa asiyeruhusiwa na wateja wako wakawa hatarini, mchakataji anatakiwa kukuarifu ndani ya saa 48, nawe umwarifu Kamishna wa Data ndani ya saa 72. Mwaka 2008 picha za faragha za mwigizaji maarufu wa Hong Kong zilisambaa duniani baada ya kompyuta yake kupelekwa kutengenezwa. Fundi aliyezinakili alifungwa mwaka uliofuata, na picha hazikurudi.

Kuhusu malipo, uliza mapema kama kuna ada ya uchunguzi, na kama vipuri vya diski ya pili vitakudai hata kazi ikishindikana. Maabara nyingi hazitozi kitu data isipopatikana, ila maana ya "kupatikana" iandikwe: harusi zile tatu, zikitajwa kwa majina ya folda, wala si gigabaiti kadhaa za nyimbo.

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, kompyuta mpakato ya marehemu baba ina nakala za hati za shamba, barua zake, na hesabu za duka kwa miaka 15. Diski haipigi kelele, lakini folda moja hufunguka baada ya dakika kumi, na faili nyingine zinakataa kabisa. Rafiki ananiambia niendeshe programu ya Windows ya kurekebisha diski. Ndugu zangu hawataki hati hizo zitoke nje ya nyumba. (Msomaji, Unguja)

JIBU: Pole kwa msiba, ndugu yangu. Hali yako ni nafuu kuliko ya dada wa Mombasa, ilimradi usifuate ushauri wa rafiki yako. Programu za kurekebisha huandika juu ya diski, na juu ya diski inayokufa kila kinachoandikwa huweza kufunika kilichokuwapo. Diski ya namna hii hainyooshwi, hunakiliwa. Tena hunakiliwa yote kwa pamoja kama taswira moja, yaani faili moja lenye kila kilichomo kwenye diski, si folda moja moja, kwa sababu kuvuta folda kwa kipanya huifanya ikwame juu ya sekta mbovu na kuirudia mpaka ichoke.

Chombo cha kazi hiyo ni ddrescue, programu huria ya mradi wa GNU iliyotungwa na Antonio Diaz Diaz. Uzuri wake ni kwamba huchukua kwanza sehemu nzima, ikiruka zenye ubishi, na kurudi kwa hizo mwishoni, huku ikiandika kwenye faili la ramani ilipofika, ili umeme ukikatika, jambo ambalo halihitaji maelezo kwa mkazi wa Unguja, uendelee ulipoishia. Washa kompyuta kwa flashi yenye Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows, chomeka diski tupu iliyo kubwa kuliko ya marehemu, ingia kwenye diski hiyo tupu, kisha uandike:

ddrescue -d -n /dev/sdb diski.img diski.map

Ikimaliza, rudia kwa -r3 mahali pa -n, ili ijaribu mara tatu zaidi zile sekta zilizobaki. Hapo /dev/sdb ni diski mgonjwa, lakini kwenye mashine yako inaweza kuwa na jina jingine. Andika kwanza lsblk, amri inayoorodhesha diski zilizochomekwa, ulinganishe ukubwa, umwite na mtu wa pili asome pamoja nawe, na ukiigeuza amri hiyo kwa bahati mbaya ukataja diski mgonjwa mahali pa kuandikia, ddrescue itakataa na kukutaka uongeze --force; usiiongeze kamwe. Kazi inaweza kuchukua siku nzima au zaidi. Wakati wote tega sikio: ikianza kugonga, zima. Ukishapata taswira, iondoe diski, tengeneza nakala ya pili ya taswira, na marekebisho yote yafanyike juu ya nakala hiyo. Hati hazitakuwa zimevuka kizingiti cha nyumba.

SWALI: Assalaam alaykum. Laptopu yangu imekufa bodi, fundi ametoa diski ya SSD (ile inayohifadhi data kwenye chipu) ikiwa nzima, lakini akiichomeka kwingine inadai ufunguo wa tarakimu 48 ambao sijawahi kuuona. Sikumbuki kuweka ulinzi wowote. (Msomaji, Muscat)

JIBU: Waalaykumu salaam. Huo ni BitLocker, ulinzi wa Windows unaofunga data za diski kwa ufunguo, na kompyuta nyingi za Windows huuwasha zenyewe siku unapoingia kwa akaunti ya Microsoft mara ya kwanza. Ingia kwenye akaunti hiyo kwa simu au kompyuta nyingine, utafute funguo za kurejesha. Kila ufunguo una kitambulisho, nacho kilingane na kile kinachoonyeshwa kwenye skrini. Kama laptopu iliwahi kuwa ya kazini, waulize watu wa kompyuta wa hapo kazini. Ufunguo usipopatikana popote, anayekwambia kwamba ataufungua kwa pesa anakuibia, kwa hiyo weka mfuko wako mbali. Mambo ni hayohayo kwa baadhi ya diski za nje zinazofunga data kwa ufunguo ndani ya bodi ndogo ya USB, hata kama hukuweka nywila: ukiitoa diski ndani ya kasha lake na kulitupa kasha, umetupa na ufunguo.

SWALI: Diski yangu imekufa kabisa, haiwaki wala hailii. Muuza vyuma chakavu anaitaka. Kuna ubaya wowote kumpa? (Msomaji, Mwanza)

JIBU: Upo. Diski isiyowaka mara nyingi ina tatizo la bodi, na sahani zake ziko kama ulivyoziacha. Mwenye bodi inayofaa na subira atazisoma. Mwaka 2003 Simson Garfinkel na Abhi Shelat wa chuo cha MIT nchini Marekani walichapisha matokeo ya kununua diski 158 zilizokwisha tumika. Kati yake 129 zilifanya kazi, na 12 tu ndizo zilizokuwa zimefutwa ipasavyo. Kwenye nyingine walikuta namba za kadi za benki na barua za watu.

Kufuta kwa programu hakuwezekani kwenye diski isiyowaka, kwa hiyo iharibu kwa mkono. Ile kubwa ya kompyuta ya mezani kwa kawaida ina sahani za alumini: ifungue kwa bisibisi ya ncha sita, uzikwaruze sahani kwa msasa pande zote mbili, kisha uzitoboe kwa keke. Ile ndogo ya laptopu huenda ikawa na sahani za kioo, nazo huvunjika vipande vidogo vyenye makali, kwa hiyo izungushie kitambaa kizito, uvae miwani ya kazi, na uigonge nyundo bila kuifungua. SSD haina sahani. Kila chipu nyeusi kwenye bodi yake ivunjwe, na ukiiacha hata moja kazi haijaisha. Sumaku ya mlango wa friji haifanyi lolote kwa yoyote kati ya hizo. Ukiifungua ile kubwa utakuta ndani yake sumaku mbili zenye nguvu zinazoongoza mkono wa vichwa. Zitoe polepole, maana hubana vidole hadi damu, na usimpe muuza chakavu hizo. Zikifungwa ukutani jikoni hushika visu vizuri sana.